Miezi yote ile ya krimu kidevuni, kumbe jino

Nina hasira bado, mtanivumilia.

Kidevuni kuliniota kitu kama chunusi. Lakini chunusi za watu huiva zikaisha. Hii ilitoa usaha, ikakauka, ikafanya gamba, na baada ya wiki mbili tatu ikafumuka tena palepale. Nikaenda kwa daktari wa ngozi. Huyo ndiye aliyenifanya niandike.

Hakunigusa. Alinitazama kutoka ng'ambo ya meza, akasema, "Acha kuminyaminya uso." Basi. Krimu na antibiotiki. Vidonge vilipokuwa vikinywewa usaha ulipungua, nikamsifia kwa watu (leo naona aibu). Vilipoisha, ukarudi. Akaniongezea vikali zaidi, ukarudi vilevile. Mara ya tatu nikamuuliza kama huenda chanzo ni kingine. Akamgeukia muuguzi: "Huyu naye kasomea udaktari kwenye simu." Wakacheka wote wawili. Kicheko kile sijakisahau.

Halafu huyohuyo aliyecheka akasema tukate kipande kipimwe, isije ikawa saratani. Niacheni nisisimulie usiku wa kusubiri majibu. Saratani haikuwepo. Nyuzi zikatolewa, usaha ukarudi kupitia kwenye mshono.

Ukweli ulijulikana siku nilipokwenda kusafishwa meno tu. Mama daktari aliona plasta, akauliza kuna nini. Akaingiza kidole ndani ya mdomo, kingine nje, akabonyeza taratibu. "Unaisikia hii kamba?" Kweli, chini ya ngozi palikuwa na kitu kigumu kama uzi mnene, kimetoka kwenye kidonda kikashikana na mfupa wa taya. Akagusisha pamba ya baridi kali kwenye meno ya mbele ya chini, moja moja. Yote yalishtuka isipokuwa moja. "Hili liliwahi kugongwa?" Nikakumbuka: niliwahi kuanguka zamani nikaumia kidevu. Jino lilikufa kimya kimya.

Akapenyeza kwenye tundu la kidonda kijiti chembamba laini, kilekile wanachojazia mizizi ya meno, akapiga eksirei. Kijiti kilikuwa kimepinda kikaishia kwenye ncha ya mzizi, penye doa jeusi. Usaha wa jino lililokufa hutoboa mfupa. Ukitokea chini ya pale msuli unaposhikana na taya, haupasukii kwenye fizi, unakuja kwenye ngozi. Na kwa kuwa una pa kutokea, jino haliumi. Akaniambia wengi wenye tatizo hili hawasikii maumivu yoyote, na mara nyingi ni meno ya chini.

Hakukata ngozi, hakuandika krimu. Alisafisha mzizi akauziba. Kabla wiki mbili hazijaisha tundu lilikuwa limefunga lenyewe. Nilikuwa najitazama kwenye kioo kila saa kama bibi harusi.

Kwa hiyo daktari wa ngozi nampa nyota moja. Au mbili, niseme kweli: karatasi ya mapokezi iliuliza kama nina tatizo la meno, nikaandika hapana. Kuanguka sikumtajia. Na kidonda hiki hufanana na jipu, na nywele iliyoota kwa ndani, hata na saratani ya ngozi. Si yeye wa kwanza kukosea. Nilikuwa tayari kumpa tatu.

Lakini kidole! Kidole kimoja tu cha kubonyeza kingeiona ile kamba, naye hakukinyanyua, alikinyanyua kuandika antibiotiki. Leo nina kishimo cheusi kidevuni, na pembeni yake kovu la mkasi wake. La jino nimelisamehe. Moja, na ibaki moja.

Nakala ya eksirei ninayo. Nimeitia kwenye bahasha nimpelekee, na mara mbili nimefika hadi mlangoni kwake nikageuza. Muuguzi yuleyule ndiye anayekaa mapokezi.