Pedi na diski mpya za mkonga wangu wa 1996, miezi 14 baada ya kuzifunga

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1996, aina tunayoiita mkonga, injini 1HZ. Mbele lina breki za diski, nyuma dramu. Kazi yake ni kubeba pembejeo za korosho kutoka Mtwara mjini kwenda Tandahimba na Newala, na safari nyingine nateremka nalo hadi Masasi.

Mteremko huo wa kutoka Newala ndio ulionifundisha breki. Ilikuwa Juni, msimu wa kupulizia mikorosho salfa, nimepakia mifuko 40 ya kilo 25, yaani tani moja kamili. Katikati ya mlima nikakanyaga breki, pedali likawa gumu kama kawaida, lakini gari halikushika. Nikakanyaga kwa miguu miwili, wapi! Nikarudisha gia ya pili, nikavuta hendibreki, nikaliegemeza kwenye tuta la udongo upande wa mlima. Niliposhuka, harufu ya kuungua imetanda na ringi ya mbele kushoto haigusiki kwa moto. Mikono ilinitetemeka muda mrefu sana. Nina watoto watatu.

Pedi zile zilikuwa na miezi mitatu tu. Nilizinunua kwa sababu ya bei, na boksi lilikuwa limeandikwa kwa maneno makubwa kwamba ni orijino. Duka silitaji.

Nilirudi Mtwara polepole, nikampelekea fundi mmoja mzee ambaye mikonga anaijua tangu ujana wake.

"Mwanangu, ulibadilisha pedi peke yake?"

"Ndiyo mzee, diski niliziona bado nzima."

"Uliziona kwa macho."

Akaleta kipimo. Diski huwa zimechongwa unene wa chini unaoruhusiwa, ukisugua kutu utausoma. Zangu zilikuwa zimeshapita hapo, zote mbili, na pembeni zimeacha ukingo unaokwaruza kucha. Diski nyembamba haina chuma cha kutosha kumeza joto, kwa hiyo joto lote linabaki kwenye pedi, na pedi dhaifu ikipata moto inapoteza ung'ang'anizi. Ndiyo maana pedali lilikuwa gumu na gari linakwenda. Lingezama hadi chini, hapo ningejua ni mafuta ya breki yamechemka, tatizo jingine kabisa. Halafu kalipa ya kushoto, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ina pistoni nne, na mbili zilikuwa zimeganda kwa kutu. Hilo ni kosa langu: napenda kuwapeleka watoto Msimbati, tunaendesha juu ya mchanga kandokando ya bahari, na nilikuwa silioshi gari kwa maji yasiyo na chumvi tukirudi.

Basi nikaanza kutafuta. Wazo la kukereza diski za zamani lilikufa palepale, maana hakuna nyama ya kukereza. Za mtumba nilizikataa pia, kwa sababu hujui zimebakiza nini. Muuzaji mmoja wa Kariakoo kwenye simu alinisukumia diski zilizotobolewa matundu, akisema ndizo za kisasa. Kwa gari la lami sawa, lakini kwetu matundu yale yanajaa udongo wa tifutifu wa huku juu, na kwa mzigo mzito nyufa huanzia kwenye tundu. Zenye mifereji zina maana zaidi kwa sababu mfereji unasukuma matope nje, ila bei yake sikuimudu. Nikachukua diski za kawaida, bapa, za Kijapani. Sijajuta.

Kwenye pedi nilisoma sana. Za seramiki hazichafui ringi na hazipigi kelele, lakini nyingi zimetengenezwa kwa magari ya mjini. Za nyuzinyuzi ni laini na zinakwisha upesi. Kwa mzigo na mteremko nilitaka zenye mchanganyiko wa chuma. Kuna kitu ambacho hakuna muuzaji aliyewahi kunionyesha: pedi nyingi nzuri zina herufi mbili zilizochapwa mgongoni au ubavuni. Ya kwanza inaonyesha ung'ang'anizi zikiwa na joto la kawaida, ya pili zikiwa na moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G inapanda hadi 0.55. Pedi zangu za bei rahisi hazikuwa na herufi yoyote. Nilinunua zenye FF, bei yake mara tatu ya zile. Ukiagiza, tuma namba ya chesesi na picha ya pedi ya zamani. Ukisema "za mkonga" tu utaletewa za mwaka mwingine. Zangu zilikuja na basi siku ya pili.

Ufungaji ndio watu hawausemi. Kwenye gari hili diski imefungwa kwa bolti nyuma ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa hiyo lazima habu yote itoke, na nati ya beringi inataka soketi ya 54. Hapohapo ukabadilishe oili sili na grisi. Tulimaliza siku nzima. Mzee alikataza kupuliza vumbi kwa kompresa, maana pedi za zamani huweza kuwa na asbesto. Tulilowesha kwa maji. Diski mpya alizifuta mafuta ya kuzuia kutu kabla hazijagusana na pedi. Kalipa zilipata raba na pistoni mpya, na mafuta ya breki yakamwagwa yote. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, yakishanyonya maji ya hewani kiwango hicho kinashuka hadi kama 140, na hewa ya pwani yetu mnaijua.

Alfajiri nilikwenda barabara ya Mikindani, nikapunguza kutoka 50 hadi 10 mara kumi bila kusimama kabisa, ili pedi na diski zishikane sawasawa.

Sasa ni miezi 14. Mteremko wa Newala nashuka na tani moja, gia ya pili, mguu unagusa tu, na usukani hautetemeki. Pedi zimebaki zaidi ya nusu. Kasoro zipo: asubuhi zinalia kidogo, ringi zinakuwa nyeusi kwa vumbi, na breki ya kwanza gari likiwa baridi inataka ukanyage zaidi. Nazivumilia zote. Msimbati bado tunakwenda, ila nikirudi naosha magurudumu kabla sijala. Breki shuu za nyuma nimeshaziagiza, zikifika mzee atafungua dramu.