Shokabzoba na bushi za mbele za Fielder: bei niliyotozwa Industrial Area na kwa nini naiona ya haki

Kazi ilikuwa kubadilisha shokabzoba mbili za mbele, maunti zake (vikalio vya juu), linki za stebilaiza (vijiti vya nondo inayozuia gari kulala kwenye kona) na bushi nne za mpira za mikono ya chini (vyuma vinavyoshikilia magurudumu) kwenye Toyota Fielder, kisha alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Gereji iko Industrial Area, Nairobi, na ni ya wastani: mafundi wachache, lifti moja, presi ya bushi. Bili ilifika shilingi 34,700. Kwa gari hilo hilo na dalili zile zile, gereji tatu za Nairobi zilitoa bei kuanzia 18,000 hadi 67,280, kwa hiyo jumla peke yake haisemi kitu. Ifungue bei ndipo utaielewa.

Ile ya 67,280 iliandikwa 58,000, na VAT ya 16% ikaongezwa chini kabisa ya karatasi. Spea zilikuwa 40,000, kwa sababu walitaka kubadilisha mikono ya chini mizima, 8,000 kila mmoja. Lakini mikono haikuwa imepinda na boljointi (viungo vya tufe kwenye ncha za mikono) zilikuwa ngumu bado. Kilichokufa ni mpira wa bushi. Linki, ambazo ndizo zilikuwa zinagonga, hazikuwemo kabisa. Ufundi ulikuwa 18,000 kwa kazi ya saa tano, yaani 3,600 kwa saa. Kwa ABS (breki zinazozuia magurudumu kujifunga), mifuko ya hewa au gia ya CVT (otomatiki isiyo na hatua) ningelipa kiwango hicho bila kusita, maana pale unalipia mashine ya uchunguzi na mtu anayejua kuisoma. Bushi haihitaji kompyuta.

Ile ya 18,000 ilikuwa na shokabzoba za mtumba kutoka Japani kwa 9,000, linki 2,500, bushi 3,000 na ufundi 3,500. Maunti hazikuwemo, alaimenti haikuwemo. Sina neno na mtumba kwa kitu cha chuma: rimu, taa, hata stata ikijaribiwa mbele yako. Shokabzoba ni mafuta, gesi na sili ya mpira, na huwezi kujua imebakiza maisha gani kwa kuitazama. Ikianza kuvuja, spea ya 4,500 inakudai ufundi mara ya pili na alaimenti mara ya pili.

Sasa bili ya 34,700. Shokabzoba mpya 7,500 kila moja, maunti 2,200, linki 1,400, bushi ndogo 700, bushi kubwa 1,300, zote mbili mbili: spea 26,200. Ufundi 6,500, alaimenti 2,000. Niliuliza bei ya shokabzoba hiyo hiyo katika maduka ya Kirinyaga Road, ikawa 6,800. Gereji imeongeza 700, kama asilimia 10. Hiyo ni haki yao, kwa sababu ikiharibika wao ndio wanaoirudisha dukani na kuifunga tena bila malipo. Ukinunua spea mwenyewe ukampelekea fundi, umeokoa 700 na umebeba lawama yote. Dhamana yao ni miezi mitatu, na imeandikwa kwenye risiti.

Uchunguzi ni 1,000, na hukatwa kwenye bili ukifanyia kazi kwao. Ndio pesa iliyotumika vizuri kuliko zote. Mlio mkavu wa tak-tak kwenye matuta madogo, gari likienda polepole, kwa kawaida ni linki. Kishindo kimoja kizito unapokanyaga breki ni bushi ya nyuma ya mkono wa chini, na fundi huithibitisha kwa kuusukuma mkono kwa mtaimbo na kutazama mpira ukifunguka ufa. Ukikata usukani gari limesimama na springi ikaruka kwa mlio, tazama maunti na beringi yake. Shokabzoba nayo ihukumiwe kwa mafuta yaliyotiririka kuteremka mwilini, si kwa unyevu mwembamba karibu na shingo. Fundi akisema "badilisha zote" kabla gari halijapanda jeki, ondoka.

Kwenye ufungaji ndipo 6,500 ilipojionyesha. Springi ilibanwa kwa klampu mbili zinazotazamana, si kwa waya na maombi. Kila shokabzoba mpya ilisimamishwa wima, ikasukumwa na kuvutwa mara kadhaa kutoa hewa kabla ya kufungwa. Nati ya juu ilikazwa huku shina, ile fimbo inayoingia na kutoka kwenye shokabzoba, likizuiwa kwa ufunguo kwenye ncha yake. Wako mafundi wanaolishika shina kwa koleo. Koleo huacha mkwaruzo kwenye kromu, na mkwaruzo huo huikata sili kila shina linapopanda na kushuka. Baada ya muda shokabzoba mpya inalia mafuta, na mwenye duka anasingiziwa kuuza feki.

Jambo kubwa zaidi ni bushi. Mpira wake umeshikana na bomba la ndani na gamba la nje, kwa hiyo hauzunguki, unajipinda tu. Bolti zikikazwa mkono ukiwa unaning'inia kwenye lifti, gari likishuka mpira unabaki umejisokota muda wote, na kila tuta linauongezea. Bushi hiyo itapasuka mapema hata ikiwa halisi. Hapa bolti ziliwekwa kwa vidole tu, gari likateremshwa likabeba uzito wake, likatikiswa, ndipo zikakazwa. Hatua hiyo ina dakika kumi hivi, na ndiyo ya kwanza kurukwa mahali ambapo fundi anakimbizana na gari la tatu. Bushi kubwa ina upande wake pia: fundi alipiga alama kwenye mkono kabla ya kuisukuma ya zamani kwa presi, mpya ikaingia vile vile.

Alaimenti si nyongeza ya kukulia pesa. Bolti zinazounganisha shokabzoba na sehemu inayobeba gurudumu zikilegezwa, kemba (mwinamo wa gurudumu) inasogea, na tairi litaanza kuliwa upande mmoja. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Yapo yaliyonikera. Karatasi hiyo haikutolewa mpaka nilipoiomba, na spea za zamani vilevile. Spea kuukuu ziwekwe kwenye buti bila kuombwa. Ni mali ya mteja na ndio ushahidi wake. Nati za magurudumu zilikazwa kwa bunduki ya hewa, nikaomba spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza: Fielder ni Nm 103. Moja ilikuwa imezidi sana, na nati ya namna hiyo ndiyo itakayokushinda siku ya pancha kwenye Thika Road.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Kabla ya kupeleka gari kwao au kwingine, piga simu uulize swali moja: bolti za bushi mnazikaza gari likiwa juu au chini? Akijibu chini bila kufikiri, muulize bei.