Banda umiza la Namanga, usiku ambao Kenya na Tanzania tulitolewa pamoja

Nabeba vitunguu vya Mang'ola kupeleka Nairobi, kwa hiyo Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, nalala hata nisipotaka. Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025 karatasi za mzigo ziligoma, na kwa mara ya kwanza sikumnunia mtu. Jioni hiyo kulikuwa na robo fainali mbili zinafuatana za CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda tuliiandaa pamoja: Kenya na Madagaska pale Kasarani saa kumi na moja, kisha Taifa Stars na Moroko kwa Mkapa saa mbili usiku. Nikamwachia utingo gari, nikaingia banda umiza, yaani banda la kulipia kutazama mpira, lililo upande wetu wa Tanzania, karibu na yanapolala malori. Jina lake nalihifadhi, maana mwenyewe nina ya kumsema.

Kiingilio ni shilingi 1,000 kwa mechi, au 50 ya Kenya. Kwa kuwa moja ya Kenya siku zile ilikuwa kama 19 zetu, jirani alikuwa anaingia kwa 950. Nilimuuliza mwenye banda kwa nini anawapendelea, akacheka: "Kaka, wao wamevuka mpaka kuja kuumia."

Ndani ni mabati, vumbi na mabenchi yasiyo na egemeo. Mgongo wa dereva haufai pale. Nendeni na koti la kukalia. Televisheni ziko mbili. Ya kushoto ina kijani mpaka nyuso za wachezaji zinafanana na mchicha, kaeni kulia. Kahawa ya kijana wa birika ni nzuri kweli, na kashata zake hazivunji meno. Choo sitakizungumzia.

Tatizo kubwa ni king'amuzi. Picha yake inachelewa. Ng'ambo ya barabara kuna banda jingine ambalo matangazo yanawahi kwa sekunde kadhaa, na kelele zao zinapita kwenye mabati kama hakuna ukuta. Omija alipowafungia Kenya kwa kichwa mwanzoni mwa kipindi cha pili, sisi tulishangilia mpira ukiwa bado hewani. Hapo haikuuma. Madagaska wakasawazisha kwa penalti, ikawa 1-1 mpaka dakika za nyongeza zikaisha, na zilipofika penalti zenyewe banda likageuka chumba cha mateso. Mpigaji bado anaweka mpira, wewe umeshasikia ng'ambo wanaguna. Wakenya waliokuwa benchi la mbele wakaziba masikio, wazima na ndevu zao, wakitazama kwa macho tu. 4-3, Madagaska wamepita.

Sisi, kwa adabu zetu za ujirani, tulinyamaza kama dakika moja. Kisha mzee mmoja wa nyuma akauliza kwa upole: "Hivi hawa si ndio tuliowafunga 2-1 kwenye kundi?" Banda zima likalipuka. Ndiyo raha ya kutazamia mpakani, huwezi kumtania mtu halafu ukajificha. Mko benchi moja, magoti yanagusana.

Mpaka mechi ya pili ilipoanza, hesabu ilikuwa imeshavurugika. Kwa jinsi ratiba ilivyopangwa, Kenya na Tanzania zingeweza kukutana fainali, tarehe 30, Kasarani, na wiki nzima kule foleni ya malori ilikuwa haizungumzi kingine. Tukabaki nusu ya ndoto. Na umeme ukaja kuimaliza: kipindi cha pili, 0-0, giza. Mwenye banda akakimbilia jenereta, kumbe halina mafuta. Akatumwa kijana na kidumu. Ng'ambo kukawa na ukimya mzito, na kila mtu mle gizani akajua. Picha iliporudi, Lamlioui wa Moroko alikuwa ameshafunga, na 1-0 hiyo ikadumu hadi mwisho.

Nilitazama benchi la mbele. Mkenya mmoja akageuka taratibu, kama mtu anayeweka gia: "Wasee, hawa Moroko si tuliwachapa 1-0 tukiwa kumi uwanjani?" Sikuwa na jibu, maana ilikuwa kweli. Kila mmoja alikuwa ametolewa na timu ambayo mwenzake alishaifunga.

Sasa nimpe mwenye banda haki yake. Hakurudisha pesa, ila alisimama mlangoni akatangaza kwamba wote waliokuwamo giza likiingia, kesho Uganda na Senegal ni bure. Hakuandika majina, alitukumbuka kwa sura. Nyota tatu kati ya tano. Akinunua mafuta mapema na kubadili king'amuzi, nampa nne. Ya tano ni ya choo.

Karatasi zangu zilitoka Jumamosi saa tisa alasiri. Ningeweza kuondoka. Nikajiambia vitunguu havina haraka, nikarudi bandani, na safari hii hakuna aliyekaa kwa mataifa. Senegal walipofunga kule Namboole, Mkenya wa jana akanigonga goti, tukashangilia wote wawili. Hakuna aliyekuwa tayari kuona Uganda inabaki peke yake.