Taa ipi ununue kwa kutizama tangi la samaki usiku

Wengi wanaofuga kamba na mkunga kwenye tangi la kioo hapa Unguja hawajawahi kuwaona wakila. Mchana wamejificha kwenye mawe. Usiku mtu akiwasha tochi ya simu, kila kitu kinatoweka, na samaki waliolala wanakurupuka na kujigonga kwenye kioo. Taa ya kuwatizamia bila kuwasumbua ipo, na haihitaji fedha nyingi.

Nunua kwa kufuata rangi. Maji ya bahari humeza nyekundu kabla ya buluu na kijani, kwa hiyo macho ya viumbe wengi wa baharini, kamba na pweza wakiwemo, yamezoea zaidi hizo mbili. Nyekundu hafifu kwao ni karibu na giza. Samaki wengi wa maji baridi huiona vizuri zaidi, basi mwenye tangi la namna hiyo aififishe sana au aende moja kwa moja kwenye kamera.

Ya kwanza kwangu ni taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu. Chagua inayopunguzika, na inayowaka nyekundu bila kupitia nyeupe. Nyingi ukibonyeza huanza na nyeupe kali, na mweko huo mmoja tu unatosha kuwarudisha wote mafichoni. Kabla ya kulipa, ingia kona ya giza dukani umulike kanga yenye buluu. Buluu ikigeuka nyeusi, nyekundu hiyo ni safi. Ikibaki buluu, mrudishie muuzaji. Sokoni Darajani kanga haikosekani duka la jirani.

Ya pili, taa ya nyuma ya baiskeli. Ni rahisi, na nyekundu yake mara nyingi inatosha. Iwache iwake mfululizo, isimetemete, na ikiwa kali ifunike kitambaa.

Ya tatu ni kamera ya ulinzi inayoona usiku, inayokurekodia wewe umelala. Hapa wanunuzi wengi hupotezwa. Taa zake za infraredi, yaani mwanga uliopita nyekundu ambao macho yetu hayauoni au huuona kwa shida, huja za nanomita (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) 850 au 940, na wauzaji husifu 940 kwa kuwa haionekani kabisa, ilhali 850 huonyesha vidoa vyekundu hafifu. Kwa mlangoni wana haki. Kwa tangi chukua 850, maana maji humeza 940 ndani ya sentimita chache, na nyuma ya hapo hupati picha. Lenzi iguse kioo, la sivyo taa zake zitaakisiwa na utarekodi weupe mtupu. Ingekuwa juu zaidi lau si bei, nyaya, na umeme kukatika.

Karatasi nyekundu ya nailoni juu ya tochi ya kawaida inafaa kwa kuanzia. Ikunje mara mbili tatu, kisha ijaribu kwa kanga ile ile.

Usinunue taa ya buluu inayouzwa kwa jina la mbalamwezi, kama nia yako ni kuchungulia. Inapendeza sebuleni, lakini buluu ndiyo wanayoiona vizuri kuliko zote, na matumbawe hutumia mwanga wa mwezi kupanga usiku wa kutaga. Wavuvi wetu wa dagaa wanajua vyema karabai inavyowabadilisha samaki mwendo.

Ukishanunua, zima taa za nyumba, subiri kama nusu saa, na mulika kutoka ubavuni badala ya kuwaelekezea machoni. Watoto waambiwe wasigonge kioo.