Jicho moja, picha mbili: nilivyopimwa glakoma Mombasa

Nashona kofia za viua, Mji wa Kale. Navua miwani yangu ya kuonea mbali, natunga sindano mara moja, kwa hivyo sikudhani macho yangu yana kasoro. Lakini marehemu babangu alipofuka kwa glakoma, hii tunayoiita presha ya macho, na ugonjwa huu hufuata damu. Mwaka jana kliniki moja ilinipulizia upepo jichoni kupima presha yake, ikapata 18, nikaambiwa niko sawa. Hawakuangalia zaidi, na hilo bado laniuma, kwa sababu glakoma humpata hata mtu ambaye presha yake haijapita 21, kile kikomo cha kawaida.

Mwezi uliopita nilikwenda kwengine. Nilitiwa dawa ya kutanua mboni, nikapigwa picha ya rangi ya nyuma ya jicho, kisha nikawekwa kwenye mashine ya OCT, ambayo kwa mwanga hupima unene wa nyuzi za neva ya jicho, ile ipelekayo habari kwenye ubongo, ambayo glakoma huila. Haiumi hata kidogo.

Nililolipenda ni alivyofanya daktari baadaye. Aliziweka picha zote mbili kwenye skrini, akaniita, "Mama, sogea uone." Kwenye OCT, mstari wa jicho la kushoto ulikuwa umeporomoka upande wa chini hadi kwenye rangi nyekundu. Akaniambia nyekundu hiyo peke yake haimtoshi: mashine hulinganisha na macho ya watu wengine, na sisi tusioona mbali twaweza kutiwa nyekundu bila ugonjwa. Akanionyesha ile picha ya rangi. Pale pale chini, ukingo wa neva umelika, na kando yake kuna kijistari cha damu, chembamba kama uzi wa kushonea. OCT haikukionyesha. Kipimo cha upeo wa kuona kikamalizia: kivuli upande wa juu, kwani neva ya chini ndiyo iletayo habari za juu.

Sasa natia tone moja kila usiku. Kilichopotea hakirudi, twalinda kilichobaki.

Lawama yangu: OCT ililipiwa kando, na hakuna aliyenionya nije na mtu. Nilitoka saa saba mchana, jua lote likaniingia machoni, nikashikwa mkono na dereva wa tuktuk. Nendeni na mwenzenu, na ombeni picha zote mbili mtiliwe kwenye simu, ziwe za kulinganishia mwakani. Zangu ninazo. Ndugu yangu wa Likoni naye ataenda Jumatatu.