TAHADHARI: Maganda ya .223 "yaliyopigwa mara moja", yanang'aa kama dhahabu. Nimelizwa

Wakuu, hii ni kwa sisi tulio Texas na majimbo mengine ya huku Marekani tunaojaza risasi wenyewe gereji, kama haikuhusu pita tu. Kuna jamaa anauza maganda matupu ya risasi za .223 (saizi ya risasi ya bunduki) mtandaoni, anasema yamepigwa mara moja, yameoshwa, yamepolishiwa, kazi yako ni kuweka fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) na baruti tu. Elfu moja dola 85. Picha yake ni ndoo ya bluu juu ya taulo jeupe, maganda yanawaka mpaka unayaonea aibu ya kwako. Nikasema hapa nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Akataka Zelle tu (ile ya kutuma hela benki kwa benki papo hapo), mi na tamaa zangu nikatuma, na hela ya Zelle ikishatoka ndo imetoka hiyo.

Boksi limefika, kitu cha kwanza ni harufu. Nafungua mfuko nakutana na kitu kama zizi la mbuzi asubuhi. Nikadhani labda sabuni. Nikaweka kwenye mzani, ganda moja la .223 ni gramu 6 hivi kwahiyo elfu moja inatakiwa icheze kwenye kilo 6, yangu ilikuwa 5 na ushee kidogo. Sawa, kaniibia idadi, ningemeza hiyo.

Sasa nikachukua sumaku ya friji nikapitisha juu. Jamani yalinasa kama siafu! Kumbe mengine ni chuma kilichopakwa brasi juu, na hayo ukichungulia ndani chini unaona vitundu viwili vidogo badala ya kimoja katikati, yaani pini ya kutolea fataki ukiisukuma humo inavunjika tu. Na mengine kwenye kitako yana mikwaruzo mitatu, minne ya ile ndoano ya bunduki inayovuta ganda nje kila likipigwa, kila mmoja upande wake, mara moja gani hiyo?

Lakini lililonitoa jasho ni shingo za maganda, kule mdomoni. Nimeyashika kiganjani kama kumi hivi nikayatikisa, ganda zima linalia kama kikengele, lililopasuka linalia bovu kama sahani yenye ufa, ukishalisikia mara moja hulisahau. Nikaweka chini ya taa, nyufa nyembamba kama unywele zinashuka kutoka mdomoni. Hapo ndo nikaielewa ile harufu. Jamaa anang'arisha na dawa yenye amonia, ile aina ya dawa ambayo askari anasugulia kifungo cha mkanda siku ya gwaride. Kifungo hakina shida, hakipigwi presha. Brasi ya ganda ni kopa asilimia 70 na zinki 30, imevutwa na kubanwa kiwandani, halafu imetanuka tena ilipopigwa, kwahiyo ndani ina mkazo, na amonia inajipenyeza humohumo kwenye mkazo inaipasua. Hili si jambo jipya hata kidogo, Waingereza lilishawakuta India karne ya 19, risasi zilizowekwa karibu na mazizi ya farasi zilipasuka zenyewe msimu wa mvua kwasababu ya amonia ya mikojo. Sasa huyu bwana anakuletea zizi zima kwenye boksi.

Mengine yana mabaka ya pinki. Hiyo ni siki au asidi, yamelowekwa mpaka zinki ikatoka ikabaki kopa. Hayo hata usibembeleze.

Mtu atasema si maganda tu, ukiona baya tupa. Ndugu yangu, presha ya juu ya .223 ni psi 55,000 (psi ndo kipimo kilekile cha upepo wa tairi), tairi la gari lako ni 35 hivi. Kitako kikikatika ndani ya bunduki, moto unatafuta pa kutokea, na uso wako uko sentimita chache pembeni. Mimi nilikunja klipu ya karatasi nikaipitisha ndani karibu na kitako, matatu nikasikia kabisa kimtaro kimejichimba, hapo lilikuwa linasubiri kupigwa mara moja tu likatike. Na kwa nje linang'aa!

Nilipomuandikia akajibu "ukishapokea ni mali yako", nikamtumia picha za nyufa akaniblock. Wiki iliyofuata naona tangazo lilelile, jina jipya, bei dola 80.

Ukitaka maganda safi osha mwenyewe, haina uchawi. Toa fataki kwanza, halafu yazungushe kwenye pipa la mashine pamoja na pini za stenlesi, maji, tone la sabuni ya vyombo na asidi ya limau robo kijiko, suuza, anika. Au yazungushe makavu, bila maji, kwenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa, ila hiyo fanyia nje na uvae barakoa, vumbi lake lina madini ya risasi (lead) kutoka kwenye fataki, na watoto wasikaribie. Mke wangu alinikuta siku moja nachekecha kwenye chujio lake la jikoni, hiyo kesi bado haijaisha mpaka leo.

Yale mabovu nimeyaponda kwa koleo moja moja asije mtu akayaokota, brasi nikapeleka kwa wanunuzi wa chakavu, wakanipa dola 17. Ukiona ndoo ya bluu na taulo jeupe, ni yeye.