Fundi wa kamera Kariakoo: nimetengeneza, sikununua mpya

Kamera yangu ndogo ya dijitali iliingia mchanga ufukweni Bagamoyo, harusi ya binamu. Lenzi ikakwama nusu nje: ukiwasha inakoroma krr-krr, inajizima. Duka la kwanza wakaniambia tupa hiyo, mpya Sh 650,000. Nikapanda ghorofa ya pili kwa mzee mmoja, miwani yake kaifunga kwa uzi. Akafungua skrubu, akapuliza, akanionyesha punje ya mchanga kwenye gia ya plastiki. Moja tu, jamani! Sh 40,000, siku mbili. Risiti hatoi, na lenzi bado inasitasita nikivuta picha karibu. Ila aliniambia wazi: "Mwanangu, ingekuwa kihisi cha picha, kile kinachonasa picha ndani ya kamera, kimekufa, ningekurudisha dukani."